Yakhe, taa zako zawaka!

Kuna ishara ya mkono ambayo kila dereva wa Pemba anaijua. Unanyanyua mkono juu ya usukani, unafumba vidole na kufumbua, unafumba na kufumbua, kama mtu anayekamua ndimu hewani. Maana yake: taa zako zinawaka, zima. Mimi nakamuliwa ndimu kila siku. Kuna asubuhi nilimwambia utingo wangu ahesabu, tangu tunatoka Tumbe na samaki mpaka tunaingia sokoni Chake. Hatujafika hata Ole akaacha. Alikuwa kwenye 20, akasema vidole vimemwisha, vya mikono na vya miguu.

Wengine ishara haiwatoshi, wanapiga kelele kabisa: "Yakhe, taa zako zawaka!" Bibi mmoja karibu na Konde alinisimamisha, nikadhani anataka lifti. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniambia, "Zima taa mwanangu, utamaliza betri ulale njiani." Nikamjibu ahsante bibi, Mungu akuweke. Ningemwambia nini tena? Kwamba swichi ya taa iko kwenye ofu tangu alfajiri?

Basi nimechoka kueleza dirishani huku gari za nyuma zinapiga honi. Naandika hapa mara moja, na kila atakayeniuliza nitamtumia.

Pikapu yangu ni ya kijani, na ilitengenezwa kwa ajili ya watu wa Kanada. Imefika huku kwa kuzungukia Dubai. Aliyeniuzia alinipunguzia bei kwa sababu mbili: usukani uko kushoto, na taa "zina shoti". Usukani nimeuzoea. Sisi hupita kushoto, kwa hiyo dereva nakaa upande wa majani, na nikitaka kulipita gari la ng'ombe lazima utingo atoe kichwa dirishani aniambie, "Njoo, njoo, njoo... ngoja!" Hiyo ngoja yake nailipia mshahara kwa moyo safi. Ama taa, hazikuwa na shoti hata kidogo. Zilikuwa zinatii sheria ya kwao.

Kule Kanada gari jipya lililotengenezwa kuanzia Desemba 1989 lazima liwe na taa za mchana, yaani taa za mbele zinazowaka zenyewe injini ikiwa inanguruma, dereva atake asitake. Uswidi waliwatangulia: madereva wao wanalazimika kuwasha taa mchana tangu 1977. Umoja wa Ulaya nao uliweka sharti kwa aina mpya za magari madogo kuanzia Februari 2011. Nchi hizo jua lao la majira ya baridi hupita chini chini, mchana wenyewe kama magharibi yetu. Na taa hizi si za kukuonesha wewe njia, maana njia unaiona. Ni za kumwonesha mwenzako kwamba unakuja.

Kwenye magari ya siku hizi utaona kijistari cheupe cha taa za LED pembeni mwa taa kubwa, kazi yake ni hiyo tu, usiku kinafifia au kinazima. Langu ni la zamani. Waliolitengeneza hawakutaka kuongeza taa nyingine, wakafanya ujanja na zile zile zilizopo, na huo ujanja ndio ulionifanya mimi, mchuuzi wa samaki, nikae nisome mambo ya umeme usiku.

Mbele kuna globu nne, mbili kila upande, moja ya dimu, yaani mwanga wa chini, na moja ya fulu, mwanga wa mbali. Usiku ukipiga fulu, kila globu ya fulu ina njia yake ya umeme. Inapata volti zote, 12 na ushei, na injini ikiwa inazunguka hukaribia 14. Mchana kuna rilei, yaani swichi inayovutwa na umeme wenyewe, inayobadilisha njia. Umeme unaingia globu ya kulia, lakini ukitoka hapo hauendi kwenye bodi, yaani chuma cha gari kinachourudisha kwenye betri. Unavuka mpaka globu ya kushoto, unapita humo, ndipo unarudi kwenye bodi na betri. Umeme ni mmoja, globu ni mbili, umo katika waya mmoja. Kwa hiyo volti 14 wanagawana, 7 huyu na 7 huyu.

Sasa mtu atadhani nusu ya volti ni nusu ya mwanga. Mimi pia nilidhani. Uzi wa globu ukipunguziwa umeme joto lake linashuka, na ule mwanga unaanguka vibaya sana, unabaki kama sehemu moja ya kumi, tena wa manjano kama wa chemli. Ndiyo maana wanaweza kutumia fulu mchana bila kumwumiza mtu macho. Dimu imeelekezwa chini, ukiwa mbali huioni vizuri. Fulu inatupa mbele moja kwa moja, na ukiifanya hafifu hivyo inakuwa kama mtu anayekupungia mkono kwa mbali.

(Kuhusu dimu yenyewe, nina dhambi ya kuungama. Taa za Kanada zimekatwa ili mwanga wa dimu unyanyuke upande wa kulia, maana wao hupita kulia na huko ndiko kwenye majani. Kwetu kulia ndiko anakotokea mwenzako. Walionikuta usiku miezi ile ya mwanzo wanisamehe. Fundi ameziinamisha.)

Kingine kilichowapoteza mafundi ni breki ya mkono. Gari yangu ukiwasha injini huku breki ya mkono imevutwa, taa za mchana haziwaki. Ukiiachia, zinawaka. Ukiivuta tena, zinazima. Kila fundi niliyemwonesha alishika kichwa: waya wa breki umegusana na waya wa taa! La, zimefungwa hivyo makusudi. Kuna kijisanduku kinachoziamuru taa za mchana, nacho kinauliza maswali mawili. La kwanza: injini inazunguka? Jibu kinalipata kwa alteneta, mashine inayozungushwa na injini na kutoa umeme, kwenye waya ule ule unaozima taa nyekundu ya betri pale kwenye dashibodi. La pili: breki ya mkono imeachiwa? Yote mawili yakiwa ndiyo, na swichi ya taa iko ofu, globu zinawaka. Ukiwasha taa mwenyewe, kinajitoa na kukuachia kazi. Kwangu ni raha, maana pale Tumbe tukipakia barafu na injini inanguruma, navuta breki na hakuna anayenikamulia kitu.

Mwaka jana wakati wa vuli zikazima. Zote mbili kwa pamoja, siku moja. Nasema kweli, nilifurahi. Nilikwenda Chake na kurudi kama mtu wa kawaida, hakuna aliyeninyanyulia mkono ila wa salamu. Usiku wa siku ile ile ndipo nikaona nikipiga fulu linawaka jicho moja tu, la kushoto. Nikachukulia kuwa ni maradhi mawili tofauti.

Fundi wangu yuko Machomanne, na ni fundi kweli, injini hakuna anachoogopa. Akaangalia fyuzi, nzima. Akabadilisha rilei, hakuna kitu. Akafuata waya kutoka kwenye betri mpaka chini ya dashibodi, mchana kutwa, na mimi nimekaa kwenye tairi bovu nakula karanga. Mwisho akaniambia wale wa Kanada wamenifungia sumu humo ndani, bora akate waya wote wa taa za mchana tuishi kwa amani.

Pale gereji kuna kijana anayejifunza kazi, siku za mapumziko hufuatana na kaka zake kupamba nyumba za harusi. Alikuwa anakosha vyuma kwa petroli, hata hakunyanyua uso. Akasema, "Fundi, hizi si kama zile taa za harusi za zamani? Kile kiglobu kimoja kikifa, mstari mzima unazima."

Fundi akanyamaza. Mimi nikanyamaza. Kijana akaendelea kukosha vyuma.

Ndivyo ilivyokuwa. Globu ya fulu ya kulia ilikatika uzi, pengine kwa mashimo. Usiku, kwa vile kila globu ina njia yake, ya kushoto iliendelea kuwaka peke yake. Mchana, kwa vile njia ni moja inayopita kwa wote wawili, ukikatika uzi wa kulia umeme hauna pa kuvukia, na ya kushoto inakaa kiza na uzima wake wote. Maradhi yalikuwa moja. Basi ukiwa na gari la namna hii, taa za mchana zikizima zote kwa pamoja, usianze na fyuzi wala rilei. Piga fulu ukutani usiku utazame kama jicho moja limekosekana.

Kujua ni kitu kimoja, kupata globu ni kingine. Maduka ya vipuri Chake na Wete yamejaa H4, ile ya miguu mitatu yenye fulu na dimu humo humo. Yangu ni HB3, ya miguu miwili. Kila duka nilipoingia nilioneshwa H4 na kuambiwa hii itaingia tu, ukiilazimisha. Nikampigia binamu yangu Unguja. Akaniambia achana na globu za kizamani, nakuletea LED, inang'aa kama jua na haili umeme. Akamkabidhi mtu wa boti, nikaenda kuipokea Mkoani. Alileta moja, maana nilimwambia iliyokufa ni moja.

Nikaichomeka kulia. Nikawasha injini, nikaachia breki ya mkono. Jicho la kulia likalipuka nuru nyeupe ambayo nadhani waliiona Tanga. La kushoto kiza kitupu.

Nilikaa na jambo hili siku mbili kabla ya kulielewa. Kugawana volti nusu kwa nusu kunataka globu mbili zinazofanana. Uzi wa globu ukiwa baridi haukinzi umeme sana, unaupitisha tu. Ni ukishawaka na kupata moto ndipo unapoanza kuukinza. Ile LED ina kijisakiti chake ndani, nayo inaomba umeme kidogo, na umeme huo kidogo haukutosha kuupasha moto uzi wa kushoto. Kwa hiyo uzi ukabaki baridi, ukawa kama kipande cha waya, na volti karibu zote zikaishia kwa LED. Ni kama kula sinia moja na mtu mwenye mkono mwepesi: wewe unapoanza kupuliza tonge, yeye anakwangua chini. Matokeo yake nikawa napita Pemba mchana kweupe na fulu kamili la jicho moja. Siku hiyo hakuna aliyenikamulia ndimu. Niliona ishara nyingine, na hizo siziandiki.

Binamu akasema tatizo nimechanganya, nitie LED mbili. Akaleta ya pili. Sasa zikafanana, na kweli zikagawana, 7 na 7, lakini LED zile zilitaka volti 12, na 7 haikuzitosha kusimama imara. Zinawaka, zinazima, zinawaka, zinazima. Watoto wa Tumbe walinifuata mpaka pwani wakiimba. Shilingi 80,000 zangu zikaishia hapo, na kosa si la LED wala la binamu. Taa hizo ukizifunga kwenye gari ambalo kila globu ina njia yake zinafanya kazi vizuri. Sasa zimo kwenye gari la mwenzangu anayebeba mchanga, hajalalamika.

Nikachomoa rilei, nikaagizia HB3 halisi Dar, nikasubiri. Wiki tatu niliendesha bila taa za mchana.

Na katika wiki hizo tatu ndipo nilipoacha kuzichukia. Pemba ni vilima na kona, unapanda, unashuka, na sehemu nyingi miti imefunika barabara, miembe huku, mikarafuu kule. Unatoka kwenye jua kali unaingia kwenye kivuli, macho yanachukua muda kuzoea. Na mimi pikapu yangu, nimeshasema, ni ya kijani. Pikapu ya kijani katika kisiwa cha kijani, chini ya mkarafuu. Kijana wa bodaboda aliibuka kwenye mteremko anaipita daladala, upande wangu, abiria wawili nyuma. Nilitupa gari majanini, samaki wakamwagika, yeye akapita baina yetu kama uzi kwenye sindano. Alirudi, lazima nimsifu kwa hilo, wengine hawarudi. Alikuwa anatetemeka. Akasema, "Wallahi ami, sikukuona." Nikamtazama nikaona hasemi uongo. Niliokota samaki bila ya kugomba.

Globu zilipofika nikazitia siku hiyo hiyo. Niliagiza nne, mbili za akiba, nimezifunga ndani ya kitambaa kwenye kidroo cha gari. Kioo chake usikiguse kwa vidole vitupu, kidogo cha mafuta ya mkono hukiunguza globu ikipata moto. Nami mikono yangu ina mafuta ya samaki, kwa hiyo kazi hiyo anafanya utingo.

Aliyebaki kupinga ni ami yangu. Yeye hubishana nami kila tukikutana msikitini: unaunguza betri, unaunguza petroli. Betri siiunguzi. Injini ikiwa inafanya kazi taa zinalishwa na alteneta, na injini ikizimwa nazo zinazima. Petroli ana haki kidogo, alteneta inazungushwa na injini na hakuna cha bure. Lakini nilimpigia hesabu kwenye mchanga. Globu moja ya fulu ni wati 65, mbili ni 130. Zikigawana volti zile zinashuka mpaka kama wati 20 kila moja, jumla 40. Nguvu ya farasi mmoja ni wati 746. Hata ukizidisha mara mbili kwa hasara za alteneta, ninatumia kama sehemu moja ya tisa ya farasi mmoja. Ami alitazama mchanga, akafuta hesabu kwa kiatu, akasema farasi ni farasi.

Alichosema baadaye, hata hivyo, kilikuwa na maana, na kasoro hii naikubali. Taa za mchana za gari yangu zinawaka mbele peke yake. Nyuma hakuna kitu, wala dashibodi haiwaki. Kwetu jua likishazama kiza huingia haraka, dakika 20 na ushei umeshakuwa usiku. Siku moja nilitoka Konde magharibi, naona mwanga wa manjano mbele yangu juu ya lami, nikajiona nimewasha taa. Sikuwasha. Nyuma nilikuwa kiza kitupu, na lori lililonifuata lilifunga breki mpaka nikasikia tairi zinalia. Tangu siku hiyo utingo ana kazi ya tatu: adhana ya magharibi ikilia ananikumbusha nizungushe swichi. Na mvua kubwa ya masika ikianguka nawasha taa zote mwenyewe hata ikiwa saa sita mchana, kwa sababu hiyo hiyo ya mkia.

Ishara ya ndimu inaendelea. Utingo amejifunza kuijibu: ananyosha dole gumba nje ya dirisha kabla mtu hajamaliza kufumba vidole. Yule bibi wa Konde sasa akiniona hucheka na kutikisa kichwa. Nadhani ameshanikatia tamaa.

Jumatano iliyopita simu ikalia nikiwa sokoni, ami. Hakusalimu hata vizuri. "Wewe, nimepishana nawe pale Ole sasa hivi, mbona taa zako haziwaki?"

Nikamwambia subiri. Nikatoka nje, nikawasha injini, nikaachia breki ya mkono, nikazunguka mbele. Kiza, macho yote mawili. Nikamwita utingo alete kile kitambaa.